Jinsi ya kuiga kwa kompyuta jamii za mashimo meusi makuu yanayokua ndani ya galaksi: mwongozo kamili

Shimo jeusi moja halitoshi kukuonyesha jinsi mashimo meusi yanavyokua. Lile lililo katikati ya galaksi yetu, Sagittarius A*, lina masi ya Jua takribani milioni 4.3 na kwa sasa halimezi karibu chochote. Lile la M87, ambalo picha yake ilitolewa na mradi wa Event Horizon Telescope mwaka 2019, limefika bilioni 6.5. Kila moja tunaliona katika kitambo kimoja tu cha umri wake, na hakuna mwanadamu atakayeishi kuliona likinenepa. Ndiyo maana swali la ukuaji hujibiwa kwa kundi zima: unatengeneza maelfu ya galaksi ndani ya kompyuta, unazipa mashimo meusi, unayalisha gesi, kisha unatazama kama anga ulilolibuni linafanana na lile linaloonekana kwenye darubini.

Zipo njia tatu za kufanya hivyo. Ya kwanza ni kuiga gesi, nyota na maada ya giza (maada isiyoonekana, inayotambulika kwa mvuto wake) kwa pamoja, kama walivyofanya watu wa miradi ya IllustrisTNG, EAGLE, SIMBA na Horizon-AGN. Hiyo hula mamilioni ya saa za kompyuta kubwa. Ya pili ni kuchukua historia ya halo za maada ya giza, yaani mafungu makubwa ya maada hiyo ambamo galaksi hukaa, na kuzijaza galaksi kwa milinganyo rahisi, jinsi programu za GALFORM na L-Galaxies zinavyofanya. Ya tatu ni kuanza na takwimu za galaksi zilizokwisha kupimwa na kuzipandishia mashimo meusi juu yake. Mwongozo huu unafuata ya tatu, kwa sababu inaendeshwa kwenye kompyuta ya mezani kwa Python pamoja na numpy, scipy na astropy, na kwa sababu inakulazimisha uone kila dhana unayoiingiza. Anayeanza na data ya uigaji mkubwa mara nyingi hurithi dhana za wengine bila kujua.

Hatua ya 1: Chagua swali, kisha ujazo

Usianze kuandika programu kabla hujajua unataka kulinganisha na nini. Ukitaka viini amilifu (mashimo meusi yanayomeza gesi na kung'aa katikati ya galaksi zao) vya kawaida vya ulimwengu wa karibu, mchemraba wenye upande wa megaparsek 215 (megaparsek moja ni miaka ya mwanga takribani milioni 3.26), yaani megaparsek za ujazo milioni 10, unatosha kabisa. Ukitaka kwasari angavu, yaani viini amilifu vinavyong'aa kuliko vyote, za z = 6 (z hupima umbali: ikipanda, tunaona mbali zaidi na zamani zaidi), hesabu inabadilika: hizo zipo takribani moja tu katika kila gigaparsek moja ya ujazo. Hata mchemraba wa megaparsek 300 ungetarajiwa kuwa na 0.03 ya kwasari hiyo, maana yake hutaiona. Hapo ndipo njia yetu inapoipiku ile ya kuiga gesi, kwa kuwa kuongeza ujazo ni suala la kuchota namba nyingi zaidi tu.

Hatua ya 2: Tengeneza galaksi

Chota masi za nyota za galaksi kutoka kwenye mgawanyo uliopimwa. Kwa ulimwengu wa karibu, mgawanyo wa Schechter (fomula ya idadi ya galaksi kwa kila masi) wenye sehemu mbili uliotokana na upimaji wa galaksi wa GAMA, uliochapishwa na Baldry na wenzake mwaka 2012, ni mahali pazuri pa kuanzia. Masi ya mkunjo, ambapo idadi ya galaksi huanza kuporomoka, ni 10^10.66 za Jua. Sehemu ya kwanza ina wingi wa 0.00396 kwa megaparsek ya ujazo na mteremko wa −0.35, ya pili ina 0.00079 na −1.47.

Jumlisha mgawanyo huo kuanzia masi 10^9.5 kwenda juu, zidisha kwa ujazo wako, na utapata galaksi karibu 80,000 kwa ule mchemraba wa milioni 10. Usichukue jumla hiyo kama ilivyo: ipitishe kwanza kwenye mgawanyo wa Poisson ili upate idadi kamili, kisha uchote masi moja moja. Chora histogramu ya ulichochota juu ya mstari wa fomula. Visipolingana, simama hapo hapo. Kosa la kipimo cha logi, yaani kuchanganya msingi wa 10 na logi asilia, hujificha katika hatua hii na kuharibu kila kinachofuata kwa kizidisho cha 2.3.

Hatua ya 3: Ipe kila galaksi shimo lake

Hapa ndipo panapohitaji utulivu. Uhusiano kati ya masi ya shimo jeusi na galaksi mwenyeji unajulikana vizuri tangu miaka ya 2000, lakini si mmoja. Kormendy na Ho, mwaka 2013, walikusanya galaksi zenye mashimo yaliyopimwa kwa mwendo wa nyota na gesi: kitovu cha galaksi chenye masi ya nyota 10^11 kinakuwa na shimo la masi za Jua milioni 490. Reines na Volonteri, mwaka 2015, walitumia viini amilifu vya ulimwengu wa karibu na masi yote ya nyota: galaksi ya 10^11 inapata shimo la masi milioni 28 hivi. Tofauti ni zaidi ya mara 15.

Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba kitovu na galaksi nzima si kitu kimoja. Galaksi ya diski inaweza kuwa kubwa huku kitovu chake kikiwa kidogo. Sehemu nyingine ni uteuzi: mashimo makubwa ndiyo yaliyo rahisi kupimwa kwa mwendo wa nyota, kwa hiyo sampuli ya aina hiyo huelemea juu. Ushauri wangu ni kuendesha uigaji mara mbili, kila mara na uhusiano mmoja, na kuyabeba matokeo yote mawili hadi mwisho. Kuchagua mmoja mapema kwa sababu ni maarufu ni kujifunga macho.

Kisha weka mtawanyiko. Galaksi mbili zenye masi sawa hazina mashimo sawa. Tofauti yao huelezwa kwa mgawanyo wa kawaida katika logi, wenye upana wa 0.3 hadi 0.5 katika logi ya msingi wa 10. Ni rahisi kuuona mtawanyiko huu kama pambo, lakini una uzito wake. Wastani wa mgawanyo wa namna hii huwa juu ya thamani yake ya katikati (mediani): upana wa 0.3 huongeza wastani kwa asilimia 27, na upana wa 0.5 huuongeza karibu mara mbili. Ukibadilisha upana bila kugusa kitu kingine, jumla ya masi ya mashimo yote katika ulimwengu wako inabadilika. Zaidi ya hapo, mashimo makubwa kupita kiasi katika mfano wako mengi yatakuwa ya galaksi za kawaida zilizobahatika kuangukia ukingo wa juu, kwa kuwa galaksi za kawaida ni nyingi kuliko zile kubwa.

Hatua ya 4: Amua nani anakula, na kwa kasi gani

Kipimo tunachotumia ni uwiano wa Eddington, λ: mng'aro wa shimo ukigawanywa kwa mng'aro ambao msukumo wa mwanga ungetoshana na mvuto. Kikomo hicho ni erg (kipimo cha nishati) 1.26 × 10^38 kwa sekunde kwa kila masi moja ya Jua. Shimo la masi milioni 100 linalokula kwa λ = 0.01 hung'aa kwa erg 1.26 × 10^44 kwa sekunde.

Usiyagawe mashimo mafungu mawili, ya yanayokula na ya yaliyolala. Utafiti wa eksirei umeonyesha mteremko mrefu: yanayokula kidogo ni mengi mno, yanayokula kwa pupa ni machache. Mfano wa kuanzia ni mgawanyo unaoshuka kama λ^−0.65 kwa kila hatua ya logi, kuanzia 10^−4 hadi 1. Kuuchota ni rahisi. Chukua namba nasibu u kati ya 0 na 1, andika a = 0.65, kisha:

λ = [λchini^−a − u × (λchini^−a − λjuu^−a)]^(−1/a)

Fanya hesabu ya mgawanyo huu kwa kalamu kabla ya kuuendesha, kwani una somo ndani yake. Wastani wa λ ni 0.0045 tu. Mashimo yenye λ zaidi ya 0.1 hayafiki asilimia 1 ya kundi, ila ndiyo yanayobeba karibu asilimia 58 ya ukuaji wote. Haba na haba, hapa, haijazi kibaba. Kundi linakua kwa karamu chache fupi, na hiyo ndiyo sababu sampuli ndogo hudanganya: ukiwa na mashimo 500 unatarajia kama manne tu katika sehemu inayoamua matokeo.

Mteremko huo mmoja ni wa kujifunzia. Katika kazi halisi utauvunja vipande viwili, uwe mpole chini na mkali juu ya kiwango fulani cha λ, na utaruhusu kiwango hicho kiongezeke kadiri z inavyopanda, maana zamani gesi ilikuwa nyingi zaidi.

Hatua ya 5: Geuza ulaji kuwa mwanga unaopimika

Mng'aro wote haupimwi moja kwa moja. Kwa eksirei ngumu, yaani zenye nishati kubwa, gawanya mng'aro wote kwa kizidisho ambacho ni kama 10 hadi 20 kwa viini dhaifu na hupita 50 kwa kwasari angavu. Ukitumia namba moja kwa wote, utapinda ncha ya juu ya mchoro wako na kudhani ni fizikia.

Jambo la pili linasahauliwa sana: chini ya λ ya 0.01 hivi, gesi haiundi tena diski nyembamba yenye ufanisi. Sehemu kubwa ya nishati humezwa pamoja na gesi au hutoka kama mkondo wa chembe. Kwa hiyo, ukianza na kasi ya kumeza gesi badala ya mng'aro, punguza ufanisi kadiri λ inavyoshuka, la sivyo ulimwengu wako utajaa viini dhaifu ambavyo hakuna aliyeviona.

Hatua ya 6: Weka darubini bandia

Usilinganishe ulimwengu wako wote na katalogi ya darubini. Upitishe kwanza katika tundu lile lile. Ipe kila galaksi umbali, hesabu mwanga unaofika kwetu, kata vilivyo chini ya kikomo cha upimaji. Kiini cha erg 10^43 kwa sekunde kilicho z = 1 hutufikia kwa erg 1.8 × 10^−15 tu kwa sentimita ya mraba kwa sekunde, kiwango ambacho darubini ya Chandra hukifikia katika maeneo iliyoyakodolea macho kwa muda mrefu, si katika upimaji wa anga pana.

Ongeza vumbi na gesi. Viini vingi vimefunikwa, na vile vyenye atomi zaidi ya 1.5 × 10^24 za hidrojeni kwa kila sentimita ya mraba hupotea hata kwenye eksirei za kawaida. Chota kiasi cha kifuniko kwa kila kiini, punguza mwanga wake, ndipo ukate. Mwisho ongeza kosa la upimaji: masi zinazopatikana kwa upana wa mistari ya spektra zina shaka ya 0.4 hivi katika logi. Kosa hilo, likikutana na mgawanyo unaoteremka, husukuma mashimo madogo mengi kuelekea juu kuliko makubwa yanayosukumwa chini.

Hatua ya 7: Acha muda upite

Mpaka hapa una picha ya mnato. Ili mashimo yakue unahitaji historia za galaksi, yaani miti ya miungano kutoka kwenye uigaji wa maada ya giza. Katalogi za aina hiyo zinapatikana bure, zikiwemo za UniverseMachine ambazo tayari zina masi za nyota.

Kanuni ya ukuaji ni moja: kwa kila masi moja iliyopo, masi huongezeka kwa kasi ya λ(1−ε)/ε ikigawanywa kwa miaka milioni 450, ambapo ε ni ufanisi wa kugeuza gesi kuwa mwanga. Kwa ε = 0.1 na λ = 1, shimo hukua mara 2.7 kila miaka milioni 50. Kwa shimo lisilozunguka ε ni 0.057 na muda huo unakuwa milioni 27. Kwa ε ya 0.3, ya shimo linalozunguka kwa kasi kubwa, unapanda hadi milioni 193. Kigezo kimoja, tofauti ya mara saba.

Kamwe usiongeze masi kwa kujumlisha kasi mara muda. Ukitumia hatua ya miaka milioni 100 kwa λ = 1, kujumlisha kunakupa shimo lililokua mara 3, wakati jibu sahihi ni mara 7.4. Tumia kipeo: masi mpya ni masi ya zamani mara e kwa kipeo cha λ(1−ε)Δt/(ε × milioni 450).

Kisha linakuja swali ambalo makala nyingi hulipita haraka: λ inadumu muda gani kabla ya kuchotwa upya? Ukichota kila baada ya miaka milioni moja, kila shimo linapitia mgawanyo wote mara nyingi na yote yanakua karibu sawa. Ukichota kila baada ya milioni 100, machache yananaswa kwenye karamu ndefu na kuvimba, mengine yanabaki na njaa. Picha ya siku moja ya makundi hayo mawili inafanana kabisa. Kinachoyatofautisha ni mtawanyiko wa masi unaojengeka baadaye. Endesha zote mbili. Ikiwa hitimisho lako linategemea muda huo, liseme hivyo waziwazi.

Hatua ya 8: Mbegu na miungano

Shimo lazima lianzie mahali. Mbegu nyepesi ni mabaki ya nyota za kwanza, masi kama 100. Mbegu nzito, zinazodhaniwa kutokana na wingu la gesi kuporomoka lote kwa pamoja, zina 10^4 hadi 10^5. Kwasari J0313−1806 iko z = 7.64, wakati ulimwengu ulikuwa na miaka kama milioni 670, na ina masi bilioni 1.6. Kutoka 100 kwa kula bila kupumzika katika kikomo cha Eddington kunahitajika miaka milioni 830. Haitoshi. Kutoka 10^5 kunahitajika milioni 480, inawezekana kwa taabu. Ama mbegu ilikuwa nzito, ama ilikula kupita kikomo, ama ε ilikuwa ndogo. Jaribu zote tatu, maana kwa shimo hilo moja zinatoa jibu lile lile. Kwa ulimwengu wa karibu, chaguo la mbegu hufutika kwenye mashimo makubwa na kubaki likionekana kwenye galaksi ndogo tu.

Galaksi zikiungana, mashimo yao hayaungani siku hiyo hiyo. Weka ucheleweshaji wa mamilioni mia kadhaa ya miaka hadi zaidi ya bilioni, na ukubali baadhi yasikutane kabisa. Hili lina uzito mpya tangu 2023, NANOGrav na vikundi vingine vilipotangaza dalili za mngurumo wa mawimbi ya mvutano unaolingana na mashimo mapacha makubwa: mfano wako unaweza sasa kupimwa kwa sikio na si kwa jicho pekee.

Hatua ya 9: Linganisha, na mambo mengi kwa wakati mmoja

Kupatanisha mfano na mchoro mmoja ni kazi ya alasiri moja na haithibitishi kitu. Mng'aro ni masi mara λ, hivyo mashimo makubwa yanayokula polepole na madogo yanayokula kwa pupa hutoa mgawanyo mmoja wa mng'aro. Ili kuyatenganisha, linganisha kwa pamoja:

- mgawanyo wa mng'aro wa eksirei katika z kadhaa, ambapo kwasari angavu zinapaswa kufika kilele karibu na z = 2 na viini dhaifu baadaye;
- mgawanyo wa masi za mashimo katika ulimwengu wa karibu;
- mgawanyo wa λ ndani ya kila fungu la masi ya nyota;
- msongamano wa jumla.

Kipimo cha mwisho kinatokana na hoja ya Andrzej Sołtan ya mwaka 1982. Jumlisha mwanga wote uliotolewa na mashimo yako tangu mwanzo, zidisha kwa (1−ε)/ε, gawanya kwa c². Unapaswa kupata masi ile ile iliyomo kwenye mashimo leo, ambayo upimaji unaiweka karibu na masi 4 hadi 5 × 10^5 za Jua kwa megaparsek ya ujazo. Fanya ukaguzi huu mara mbili: ndani ya programu yako, ambapo lazima ulingane kwa asilimia chache, na dhidi ya anga halisi. Ukishindwa wa ndani, una kosa la programu. Ukishindwa wa nje, una tatizo la ε, la mtawanyiko au la uhusiano uliouchagua katika hatua ya 3.

Ukitafuta vigezo kwa mnyororo wa Monte Carlo, tazama michoro ya jozi za vigezo kabla ya kutazama namba bora. Utaona ukanda mrefu kati ya mtawanyiko na kiwango ambapo mteremko wa λ unavunjika. Ukanda huo ni matokeo halali, uchapishe.

Ukitaka kutumia data ya uigaji mkubwa

Data za IllustrisTNG na EAGLE ziko wazi kwa yeyote. Kabla ya kuzitumia jua zilivyopandwa. TNG huweka mbegu ya masi kama milioni 1.2 ndani ya halo ikifika masi karibu 7 × 10^10, EAGLE huweka mbegu ya 1.5 × 10^5 hivi katika halo ndogo zaidi. Zote huhesabu ulaji kwa fomula za jamii ya Bondi, ambamo kasi hupanda na mraba wa masi. Matokeo yake ni kwamba mbegu ndogo mara 10 hula polepole mara 100, na kwa ukubwa wake hukua polepole mara 10. SIMBA iliikwepa tabia hii kwa kutumia msokoto wa diski kwa gesi baridi.

Kwa hiyo mashimo yaliyo karibu na masi ya mbegu uyaondoe katika uchambuzi. Hayo yanasimulia uamuzi wa aliyeandika programu. Katika TNG, kata chini ya masi milioni 3 au zaidi. Ukisoma kasi ya kumeza gesi, geuza kuwa mng'aro kwa ε ya uigaji huo wenyewe, 0.2 kwa TNG na 0.1 kwa EAGLE, halafu rudi hatua ya 5 na uendelee kama kawaida.

Mfano ukikataa kulingana

Viini angavu vikizidi, gusa kwanza mtawanyiko, kisha ncha ya juu ya λ. Viini dhaifu vikizidi, angalia ufanisi chini ya λ = 0.01 na kifuniko cha gesi kabla ya kulaumu mbegu. Mashimo ya leo yakiwa mazito kupita kiasi huku mng'aro ukiwa sahihi, pandisha ε. Mfano ukifaa hadi z = 4 na kuvunjika zaidi ya hapo, usikimbilie kuurekebisha: vitone vyekundu, yaani vyanzo vidogo vyekundu vya mbali vilivyogunduliwa na darubini ya James Webb, bado vinabishaniwa masi zake, na huenda kinachohitaji kubadilika ni kosa la upimaji uliloliweka katika hatua ya 6. Na kila unapoendesha, hifadhi namba ya kuanzishia uchotaji nasibu pamoja na vigezo vyote katika faili moja, kisha rudia kwa namba nyingine kama 20. Tofauti kati ya mirudio hiyo ndiyo kosa utakaloliweka kwenye mchoro.